Seva ijipige apdeti yenyewe au tuizuie?

Chumvi_Kidogo: Wakuu, duka langu la mtandaoni limelala mara tatu mwezi huu, zote kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Seva ni Ubuntu (Linux), ramu giga 1. Nimefungua logi: apdeti ya otomatiki imegusa MySQL (hifadhidata ya duka), ikazimwa, haikurudi. Mimi naona tuzipige marufuku. Mnasemaje?

MzeeWaKamandi: Zima tu. Machi 2023 Datadog, watu wanaolipwa kuangalia afya ya seva za wenzao, waliangushwa na apdeti ya systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, iliyojipiga yenyewe. Wewe wa giga 1 ni nani?

BintiKiraka: Na kirusi cha WannaCry je? Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu Machi 2017, kirusi kikaja Mei, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Hao ndio wa "nitapiga mwenyewe baadaye". Mafundi wa video mbili mnatuachia seva zina kutu.

MzeeWaKamandi: Video mbili?? Binti, mimi nimeanza CD za Ubuntu zikija kwa posta!

BintiKiraka: Na apdeti zako bado unazisubiri sanduku la posta.

Dogo_Kodi: 😂😂 Ila kweli walikuwa wanatuma?

MzeeWaKamandi: Bure kabisa, hadi 2011. Niliagiza kumi, nikagawa chuoni. Moja ipo shambani, inafukuza ndege kwenye mpunga.

SaaZaPwani: Jamani, saa tatu ya kwetu ni 06:00 UTC, saa za kimataifa ambazo seva nyingi hufuata. Ubuntu imepangiwa kuanza hapo, na inaweza kuchelewa mpaka dakika 60. Hata ya Datadog ilianza 06:03 UTC. Sogeza taima ya apt-daily-upgrade, ndiyo inayopiga apdeti, iwe 00:00, huku ni saa tisa usiku.

Chumvi_Kidogo: Ili izime nikiwa nimelala?

SaaZaPwani: Wateja nao wamelala.

Chumvi_Kidogo: Nusu wako Toronto. Huko ni jioni, ndio wanafungua simu.

Mpita_Njia: Mbona hakuna aliyeuliza kwa nini MySQL hairudi? Giga 1, una swopu kweli (nafasi ya diski inayosaidia ramu ikijaa)? Andika `free -h` utuwekee hapa.

BintiKiraka: Mzee hajajibu alipiga apdeti lini.

MzeeWaKamandi: Jumapili! Kwa mkono wangu!

BintiKiraka: Jumapili ya mwaka gani?

Dogo_Kodi: Mzee, hiyo CD ya mpunga ni toleo gani?

MzeeWaKamandi: 7.04. Na ndege hawasogei karibu.