Mjadala: Nani aliziua bendi kubwa za jazz Marekani, kodi ya kabare au chama cha wanamuziki?

Tarumbeta: Wakuu, Aprili 1944 serikali yao ilipandisha kodi ya kabare, yaani kodi ya bili za kumbi zenye kuimba au kucheza, kutoka 5% hadi 30%. Bili ya dola 10 ikawa dola 13. Julai wakaishusha hadi 20%, lakini wenye kumbi walishaijua njia: ondoa kuimba, ondoa kucheza, bakiza vyombo vitupu, na kodi haikugusi. Bendi ya watu 17 ilizikwa hapo, bebop, jazz mpya ya vikundi vidogo, ikapata makazi.

Kinanda: Tarehe zinakukataa, mkuu. Klabu ya Minton's pale Harlem, New York, walikuwa wakijaribu hiyo bebop tangu 1941, na wanamuziki wake Gillespie na Pettiford waliingia klabu ya Onyx, Mtaa wa 52, kabla kodi haijapanda. Klabu za mtaa ule zilikuwa vyumba vyembamba vya chini ya nyumba, jukwaa la watu watano wakibanana. Muuaji ni Petrillo, rais wa chama cha wanamuziki. Tarehe 1 Agosti 1942 aliwazuia wanachama wa chama chake kurekodi. Kampuni ya santuri ya Decca ikasaini mkataba na chama Septemba 1943, Victor na Columbia Novemba 1944. Waimbaji wakaendelea kurekodi na kwaya kwa sababu chama hakikuwahesabu. Na kusema kweli, mwimbaji si mwanamuziki.

Dada wa Sauti: Sentensi hiyo ya mwisho uifute. Mwimbaji Frank Sinatra aliingia studio mwaka 1943 na waimbaji wa Bobby Tucker, hakuna chombo hata kimoja. Wale walibeba kazi ya saksafoni na besi kwa koo tu. Kwaya bila piano huteleza chini polepole, ikafika mwisho imeshuka karibu nusu toni bila mwenyewe kujijua. Na enzi zile sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye sahani, hakuna kukata na kuunga. Mmoja akikosea mstari wa mwisho, mnaanza upya. Huyo si mwanamuziki?

Kinanda: Nimesema kanuni ya chama. Hata kinanda cha mdomo hawakukihesabu kuwa chombo.

Dada wa Sauti: Hukusema kanuni, ulisema "kusema kweli". Na sheria ya kodi ilimhesabu: akifungua mdomo tu, wateja wote wanatozwa. Mtoza kodi alimtambua, chama kikamkana!

Dereva wa Usiku: Ndugu zangu, bendi ingefikaje ukumbini? Matairi yaliingia kwenye mgawo wa Vita vya Pili vya Dunia Januari 1942, petroli ikafuata, mabasi ya kukodi yakazuiwa. Treni zimejaa askari, nanyi mna besi, dramu na masanduku ya karatasi za noti za muziki. Bendi za Weusi ziliumia zaidi, maana huko Kusini basi ndilo lilikuwa kitanda chao, hoteli hazikuwapokea. Halafu Kinanda, usimtwishe Petrillo kila kitu. Shelaki, malighafi ya santuri, ilitoka India, na Aprili 1942 serikali iliwapunguzia viwanda kwa 70%. Madukani waliwataka wateja walete santuri kuukuu ndipo wapewe mpya. Mgomo huo wa Petrillo wa kutorekodi ulikuta ghala limeshapungua.

Kinanda: Shelaki nakubali. Ila V-Disc, santuri za jeshi kwa askari, zilianza Oktoba 1943, inchi 12, Petrillo mwenyewe akiridhia mradi zisiuzwe kwa raia. Askari alisikia muziki mpya, mama yake nyumbani hakuusikia. Alimsikia mwimbaji na kwaya yake.

Tarumbeta: Mada ni kodi jamani. Viongozi wa bendi kubwa Goodman, Harry James, Woody Herman na Tommy Dorsey walivunja bendi zao Desemba 1946. Vita vimekwisha, mgomo umekwisha, petroli ipo. Kodi ya 20% bado ipo, ikashuka hadi 10% mwaka 1960 na kufutwa 1965. Nionyesheni kikwazo kingine kilichodumu hivyo.

Dada wa Sauti: Mishahara ya watu 17 kila wiki. Wasikilizaji walishamfuata mwimbaji, na mwimbaji hahitaji tromboni nne nyuma yake. Kinanda, bado hujaifuta ile sentensi.