Moshi wa welding na vumbi la grainda: kipi kinaishia kifuani?

Fundi_Kondele: Wakuu, karakana ni ya mageti hapa Kisumu, paa la mabati, upande mmoja wazi kuelekea ziwani. Vijana wanne wanachomelea bomba za galvanize (chuma kilichopakwa zinki). Jioni kola na nyusi ni vumbi jeusi tupu, na mmoja hushikwa na homa usiku, asubuhi yuko sawa. Wanafunga leso na kunywa maziwa. Tuanzie wapi?

Karakana_Salama: Anza na lile usiloliona. Chembe za grainda nyingi ni kubwa kuliko mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita; unywele una kama 70). Huanguka upesi, hunata kwenye jasho, na zikivutwa hunaswa puani. Moshi wa welding ni mvuke wa chuma ulioganda hewani. Chembe zake nyingi hazifiki hata mikroni 1, kwa hiyo zinapita leso na pua hadi kwenye vifuko vya hewa mapafuni. Maziwa yanaenda tumboni, hayakutani nazo. Tangu 2017 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeuhesabu moshi huu miongoni mwa visababishi vya saratani.

Homa hiyo inafanana na ile inayoletwa na moshi wa zinki: huja saa kadhaa baada ya kazi, huisha ndani ya siku moja au mbili. Lakini Kisumu ni ukanda wa malaria, mpeni kipimo kwanza. Akibanwa kifua, hospitali mara moja. Kisha ondoeni galvanize kwa grainda, sentimita 5 kila upande wa kiungo, barakoa ikiwa usoni, ndipo mchomelee.

Mwana_Nyanza: Naongeza la upepo, maana hapa wengi hukosea. Mchana unavuma kutoka ziwani. Fundi akiupa mgongo, mwili wake unaukinga, hewa inazunguka mbele ya kifua chake na kuuinua moshi hadi ndani ya kofia ya welding. Geuza meza upepo upite kutoka bega hadi bega, na kichwa kikae kando ya moshi, kisiinamie juu yake.

Barakoa iwe ya kuchuja vumbi, yenye alama ya N95 au FFP2. Inashika chembe, gesi haishiki. Ndevu zikiwa chini ya ukingo wake, hewa inapita pembeni bila kuchujwa. Ifunike kwa viganja, vuta pumzi kwa nguvu: isipojibana usoni, inavuja.

Fundi_Kondele: Asanteni sana. Na kupuliza nguo kwa kompresa kabla ya kwenda nyumbani?

Karakana_Salama: Hapana kabisa! Vumbi lililokwisha tulia linarudi hewani usawa wa pua, na hewa ya kompresa inaweza kuumiza jicho au sikio. Ovaroli ibaki karakanani, ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za watoto. Futeni meza kwa kitambaa kibichi. Mikono ioshwe kwa sabuni na brashi ya kucha kabla ya ugali, hasa mkikwangua rangi ya mageti ya zamani, kwa sababu huenda ina madini ya risasi (lead), nayo huingia kwa mdomo. Rangi hiyo piga msasa ikiwa imelowa, kamwe si kwa grainda.