Sado yenye kitako cha juu: nimetubu, lakini maharage ya watu je?

mama_gulioni
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunihukumu.

Nauza nafaka Makambako, maharage hasa, mwaka wa kumi sasa. Wanunuzi wa sokoni wanaijua sado: kopo la plastiki la lita 4. Sado tano ni debe, debe sita ni gunia, kwa hiyo gunia linatoa sado 30. Langu kwa miaka sita lilikuwa linatoa 33.

Kitako cha kopo unakipasha kwenye jiko la mkaa, kikilainika unakisukuma kwa ndani na chupa ya soda, halafu unalitumbukiza kwenye maji baridi. Ukilishika hulijui. Alinifundisha mwenzangu wa kibanda cha jirani, kwa upendo kabisa, mwaka ambao binti yangu alikuwa anaingia shule ya bweni na sina hata nusu ya ada.

Sado tatu kwa kila gunia, za hewa tupu. Jumamosi nafunga saa kumi, nawahi kwaya. Zaka nilikuwa nahesabu mpaka shilingi ya mwisho, na hizo sado tatu zikiwemo. Cheka tu, hata mimi siku hizi najicheka.

Kilichonivunja ni uchaguzi wa umoja wa wanawake pale usharikani. Nikapendekezwa mtunza hazina. Mama mmoja akasimama, akasema, "Huyu tumpe, hata sado yake anaijaza mlima." Wakapiga makofi. Ni kweli mlima nilikuwa naweka. Ulikuwa unafunika shimo la chini.

Usiku ule nikalikata lile kopo kwa kisu, sasa kuku wananywea maji. Ni miezi miwili. Nauza kwa kopo zima, nimepandisha bei kidogo, na jirani yangu na kopo lake lilelile anauza 300 chini yangu. Wateja wanahamia kwake. Kila jioni nikiwasha jiko la mkaa, mawazo yanakuja.

Mungu nimemwomba msamaha. Inatosha? Wengi niliowapunja ni abiria wa mabasi ya Songea na Mbeya, hata sura siwakumbuki.

mtumishi_wa_shamba
Mama, soma 2 Wakorintho 5:17, ya kale yamepita. Mshtaki wa ndugu zetu ndiye anakunyima usingizi. Usichimbe kaburi ulilokwisha kulifukia. Songa mbele na huduma.

kijana_wa_mzani
Mimi nakagua na kurekebisha mizani, nitaongea ya kazi yangu tu. Nunua mzani, uza kwa kilo. Upimwe na Wakala wa Vipimo, ubandikwe stika, kila mwaka unarudiwa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haichezi na vipimo vya kuchezea. Mteja akiona stika na kilo, ile 300 ya jirani utamweleza kirahisi. Kopo na kopo huwezi kushindana, lake litakuwa dogo daima.

mkulima_wa_wanging'ombe
Naona huruma yote ni ya wanunuzi. Na huku shambani kwetu, mama, ulikuja na debe gani? Gunia la debe sita mlilishindilia saba, likafungwa kwa kamba juu kama kilemba, mkaliita gunia moja. Lumbesa. Anzia hapo.

mama_gulioni
Kaka, umenipiga pabaya. Ndiyo, saba. Hilo hata sikuliandika, maana sikuwa nalihesabu kama dhambi, nililiona ni desturi ya soko.

Mtumishi, ahsante, lakini kaburi halina maharage. Yale maharage yako kwenye bati la nyumba yangu, nayaona kila mvua ikinyesha.

mjukuu_wa_bukoba
Mama, shikamoo. Bibi yangu aliokoka wakati uamsho ulipofika kwetu, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930. Wenzake waliitwa walokole, na watu waliwacheka kwa jambo moja: kurudisha. Mtu anaokoka Jumapili, Jumatatu anatembea na jembe la jirani begani. Bibi alirudisha sufuria ambayo mwenyewe alikuwa ameshasahau kwamba ilipotea. Alituambia maombi yalikuwa mepesi, ila njia ya kwenda kwa yule mama ilikuwa ndefu kuliko mlima.

Swali lako la abiria lina jibu kwenye Biblia. Walawi 6 inasema rudisha chote na uongeze sehemu ya tano. Hesabu 5:8 inakwenda mbali: kama hakuna wa kurudishiwa, deni ni la Bwana, anapewa kuhani. Halifutiki kwa sababu mwenye mali hajulikani. Zakayo naye alisema mara nne, lakini usijipandishe huko kama mtaji hauruhusu. Anza na unayemjua.

mama_gulioni
Nimerudi, wiki tatu zimepita.

Mzani nimenunua, una stika. Kwa wakulima wangu wawili nimepiga simu. Mmoja alinyamaza muda mrefu, akasema tuongee msimu ukifika. Sijui atasema nini. Kiti cha mtunza hazina nimemwambia mchungaji nisubirishwe, na sababu nimemweleza.

Ninayemjua sana ni mama lishe wa stendi, sado mbili kila wiki kwa miaka minne. Nikapiga hesabu: sado 416, katika kila 11 moja ilikuwa hewa, basi 38 hivi. Na sehemu ya tano, 46. Gunia moja na nusu! Nikaenda saa tisa mchana, wateja wakiwa wamepungua. Nilizunguka stendi mara mbili kwanza.

Nikamwambia yote. Hakuacha kuchambua mchele. Akasema, "Mama, nilijua tangu mwaka wa kwanza. Kwani ulidhani kwa nini kila nikija nilikuwa nakuomba nyongeza?"

Ile konzi ya nyongeza! Mimi nilikuwa naihesabu kama sadaka.

Nikamuuliza kwa nini hakuhamia kwingine. Akasema kote ni hivyohivyo, na mimi angalau nilikuwa namsalimia vizuri. Maharage yake atayapokea, kidogokidogo, ila ametoa sharti moja: nisimpimie kwa sado.

Jumamosi napeleka kilo 20 za kwanza.