Ukoo wa Bi Mwanahawa: Idrisa kashuka Rhodes

Idrisa: Shikamooni wakubwa. Meli imefunga gati Rhodes, Ugiriki. Jikoni naingia saa kumi jioni, kwa hiyo nimeshuka kunyoosha miguu.

Mama Mdogo Asha: Marahaba baba. Umekula?

Idrisa: Mpishi haulizwi hivyo mama mdogo 😂

Mwanaidi: Wee Idrisa, afadhali umetokea. Mimi na shemeji yako tunapita hapo Oktoba. Kampuni ya meli inauza ziara ya "mtaa wa Wayahudi", bei inauma kweli. Tulipe au twende wenyewe?

Idrisa: Dada, hela hiyo kaleni samaki. Ukitoka gatini unauona ukuta wa mji wa kale mbele yako. Fuata ukuta mpaka lango la Panagia, ingia ndani, dakika chache tu uko uwanjani kwao. Abiria wengi wanakimbilia kasri la wale wapiganaji wa msalaba, huku pembeni kumetulia.

Idrisa: Ila jambo moja. Basi la ziara ya meli likichelewa, meli inalisubiri. Ukienda mwenyewe haikungoji. Watu nimewaona wanapunga mikono gatini na sisi tushang'oa nanga.

Mwanaidi: Shemeji yako ndiye wa kuachwa huyo, akiona duka la viatu.

Idrisa: Na msije Jumamosi. Ndiyo siku yao ya ibada, jumba lao la makumbusho linafungwa. Siku nyingine nendeni asubuhi, mchana hawakawii kufunga. Mabega yafunikwe.

Idrisa: [picha 4]

Mjomba Hamisi: Hiyo chemchemi yenye farasi wa baharini ni nini?

Idrisa: Ndiyo uwanja wenyewe mjomba, Uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi. Migahawa imeuzunguka, watu wanapiga picha na hao farasi. Hatua chache tu pana nguzo ya marumaru nyeusi, na wengi wanaipita. Imeandikwa kwa lugha sita: kumbukumbu ya Wayahudi 1,604 wa Rhodes na Kos waliouawa kwenye kambi za Wanazi.

Mama Mdogo Asha: Innalillahi. Wote hao kutoka visiwa viwili?

Idrisa: Wote. Kisiwa kilikuwa cha Waitaliano tangu 1912, Wajerumani wakakikamata 1943. Mwaka uliofuata, Julai 23, waliwakusanya wakawapakia kwenye matishari matatu mpaka Piraeus, bandari ya Athens, halafu treni. Auschwitz, kambi ya Wanazi kule Poland, wamefika Agosti 16. Hesabu mwenyewe hizo siku, ni kiangazi, na wamo vikongwe na watoto wachanga. Waliorudi hai ni kama 150.

Mjomba Hamisi: Agosti 1944 si vita vilikuwa vinaelekea kuisha?

Idrisa: Paris ilikombolewa mwezi huohuo. Ndicho kinachouma. Mafuta ya meli yalikuwa shida, wao wanayatumia kusafirisha mabibi.

Idrisa: Kuna balozi mdogo wa Uturuki aliyekuwa hapa, Selahattin Ülkümen. Alimfuata kamanda wa Kijerumani akadai raia wake waachwe, na waume na wake zao pia, eti sheria ya Uturuki inasema mwenzi wa raia naye ni raia. Sheria hiyo haikuwepo! Aliitunga palepale. Zaidi ya watu 40 wakapona.

Mama Mdogo Asha: Uongo wa thawabu huo.

Mwanaidi: Sinagogi lenyewe, nyumba yao ya ibada, umeingia?

Idrisa: Nimeingia. Kahal Shalom, la mwaka 1577, na bado wanasali humo. Ugiriki nzima hakuna kongwe zaidi linalotumika. Unapita kichochoro chembamba, juu kuna matao yanayoshikanisha nyumba zisiangukiane kukiwa na tetemeko. Kwa nje utalipita bila kujua.

Idrisa: Ndani, angalia sakafu dada. Usikimbilie taa za dari kama wenzako. Ni vijiwe vya ufukweni, vyeusi na vyeupe, vimesimamishwa kimoja kimoja vikafanya maua. Vimesuguliwa na nyayo mpaka vinateleza. Jukwaa la kusomea Taurati liko katikati, siyo mbele, watu wanakaa kulizunguka.

Mama Mdogo Asha: Na wanawake?

Idrisa: Walikuwa na vyumba vya pembeni, wanasikiliza kupitia matundu yenye pazia. Roshani ya wanawake ilikuja miaka ya 1930. Vile vyumba vyao ndiyo makumbusho sasa, picha za harusi, nguo, barua.

Mama Mdogo Asha: Kama msikitini kwetu kabla hawajajenga ghorofa.

Mama Mkubwa Rehema (Lubumbashi): Nimeamka sasa hivi nakuta picha. Idrisa, hiyo Rhodes ndiyo ya Wayahudi wa huku kwetu!

Mjomba Hamisi: Dada, Lubumbashi na Ugiriki wapi na wapi?

Mama Mkubwa Rehema: Wewe nyamaza usikie. Hapa katikati ya mji pana sinagogi la enzi za Wabelgiji. Walioijaza ni watu wa kisiwa hicho. Rabi wao, yaani kiongozi wa dini, Moïse Levy, alitoka hukohuko Rhodes 1937, akakaa Kongo zaidi ya miaka 50.

Idrisa: Mama mkubwa umenimaliza. Humu ukutani nimeona "Elisabethville" kwenye maelezo ya picha, nikajua nimesoma vibaya.

Mama Mkubwa Rehema: Ndiyo Lubumbashi hiyo. Baba yenu mkubwa anaongea, nawaandikia alivyosema: "Tulikuwa batoto, tulikuwa tunapita kwa maduka yabo. Sisi tulibaita Bazungu tu, hatukujua batoka wapi. Balikuwa banasema luga yabo kama Kispanyola."

Idrisa: Ni Kiladino. Mababu zao walifukuzwa Hispania 1492, Waturuki walipoitwaa Rhodes 1522 wakaja wengi, na lugha wakabaki nayo. Nguzo ya uwanjani nayo ina Kiladino.

Mwanaidi: Sasa kutoka hapo kwenda Katanga, huko Lubumbashi, ilikuwaje?

Idrisa: Njaa ya kazi. Kisiwa ni kidogo, vijana wengi, biashara haba. Kijana mmoja anatangulia Kongo, anaajiriwa dukani kwa mtu wa kwao, akipata mtaji anamwita mdogo wake. Wengine Salisbury, ndiyo Harare ya leo, wengine Seattle, wengine Buenos Aires. Halafu 1938 Waitaliano wakaleta sheria za ubaguzi, waliobaki na nauli wakaondoka.

Mama Mkubwa Rehema: Kwa hiyo waliolia kuachwa na watoto wao waende Afrika kwenye malaria...

Idrisa: Ndiyo hao watoto waliopona, mama mkubwa.

Idrisa: Kuna mmoja, Sami Modiano, amezaliwa hapa 1930. Alipelekwa Auschwitz na baba yake na dada yake, akatoka peke yake. Baada ya vita akaenda Kongo kufanya kazi. Uzeeni alikuwa anarudi hapa kila kiangazi, anakaa sinagogini anawasimulia wageni.

Mjomba Hamisi: Ngoja, ngoja. Moïse Katumbi, yule mwanasiasa wa Kongo, si naye wanasema baba yake Myahudi?

Mama Mkubwa Rehema: Hatimaye! Nissim Soriano, wa Rhodes. Alikuwa na biashara ya samaki Ziwa Mweru, mke Mkongo. Katumbi kakulia Kashobwe, samaki kwanza, siasa baadaye.

Idrisa: Soriano ni ukoo wa mtaa huu kabisa.

Mjomba Hamisi: Yaani mwenye timu ya TP Mazembe! Mazembe ya Samatta na Ulimwengu! Kombe la klabu bingwa Afrika 2015 nililolia machozi sebuleni!

Mwanaidi: Mjomba kaelewa historia sasa.

Mjomba Hamisi: Mngeanza na hapo, mimi matishari na marumaru nilikuwa nayapita tu. Idrisa, nipigie picha hiyo nguzo kwa karibu, niwaonyeshe vijana wa kijiweni. Wabishi wale, wanajua Mazembe imeshuka kutoka mbinguni.

Idrisa: Nitapita tena nikirudi. Dada, jambo la mwisho: makaburi yao yako nje ya mji, barabara ya Kallithea, kwa miguu ni mbali, chukueni teksi kama muda upo. Kama haupo, kaeni uwanjani mnywe kahawa, lakini migahawa ya nyuma, ya mbele wanakamua.

Mwanaidi: Nimehifadhi yote. Ziara ya meli nimeifuta.

Mama Mkubwa Rehema: Mwanaidi, ukifika tafuta majina ya koo zao uniandikie. Baba yenu mkubwa anataka kujua kama mwenye duka la vitambaa alikokuwa akinunua mama yake yumo. Jina analo, ila anasema mpaka uone kwanza, asije akakutia maneno mdomoni.

Mama Mdogo Asha: Na wote humu, mchango wa harusi ya Saumu mwisho Ijumaa. Hamisi, wewe wa kombe, hujatoa.

Mjomba Hamisi: Mtandao unakatakata hapa.