Kompaila ya Lisp: x86-64 inakubali, RISC-V inakufa

Swali: Wakuu, nahamisha kompaila ya Lisp (programu inayogeuza msimbo wa Lisp kuwa maelekezo ya prosesa) kutoka prosesa za x86-64 kwenda za RISC-V za biti 64. Kwenye QEMU (programu inayoigiza prosesa) majaribio yote yanapita. Kwenye bodi yenyewe, funkisheni iliyotoka kukompailiwa mara inakubali, mara inakufa kwa SIGILL (ishara kwamba prosesa imekuta elekezo isilolikubali). Gdb, programu ya kutafutia hitilafu, inaonyesha maelekezo sahihi pale pale ilipofia. Nianzie wapi?

Jibu 1: Hiyo ni kashe ya maelekezo, mkuu: kumbukumbu ndogo ya haraka ambamo prosesa huweka nakala ya maelekezo, tofauti na kashe ya data. Gdb inasoma upande wa data, ndiyo maana unaona kilicho sahihi huku prosesa ikitekeleza mabaki ya zamani. x86 hulinganisha kashe zake yenyewe. RISC-V haiahidi hivyo, wala ARM. Ukishaandika msimbo, ita `__builtin___clear_cache(mwanzo, mwisho)`. Usitosheke na `fence.i`, elekezo la RISC-V la kazi hiyo: inashughulikia kiini kinachoitekeleza tu, na Linux ikihamishia uzi (thread) wako kiini kingine, tatizo linarudi. GC (kikusanya taka cha kumbukumbu) nayo ikihamisha msimbo, safisha tena. SBCL, kompaila ya Common Lisp, wana `os_flush_icache` kwa kazi hiyo.

Jibu 2: Naunga mkono. Kagua pia unavyopakia namba kubwa, hapo wengi huteleza. `lui` hupakia biti za juu za namba, kisha `addi` hujumlisha zile 12 za chini. `addi` huchukua biti 12 zenye alama, yaani -2048 hadi 2047. Kwa 0x12345FFF, ukiandika `lui` 0x12345, zile FFF zinasomwa kama -1, unapata 0x12344FFF: umepungukiwa 4096. Jumlisha 0x800 kabla ya kukata biti za juu, `lui` iwe 0x12346.

Muulizaji: Kwenye GC ndiko sikuwa nasafisha. Narekebisha zote mbili.