Kuvuta kwa mbele au kusukuma kwa nyuma: gari lipi linafaa kwenye theluji?

Sukani_Moja
Wakuu, habari za humu. Nina magari mawili na moja lazima liuzwe kabla theluji haijaanza. La kwanza ni sedani, injini iko mbele lakini nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. La pili ni kigari kidogo, injini mbele na kinavuta kwa mbele. Roho yangu iko kwenye sedani. Tatizo ni kwamba msimu uliopita ilinitia aibu: kijimlima cha kutokea nyumbani, hatua thelathini tu, tairi la nyuma la kulia linazunguka bure, la kushoto limetulia tuli kama halihusiki, na mimi ndani ya koti natokwa jasho. Kigari kidogo kikapanda hapohapo bila kuguna. Niuze sedani? Mliozoea baridi nisaidieni.

Baridi_Kali
Uza sedani, tufunge uzi. Tairi linashika barabara kwa kadiri linavyokandamizwa. Kwenye kigari chako injini na gia boksi vimekalia magurudumu yaleyale yanayovuta, asilimia 60 ya uzito au zaidi iko hapo. Kwenye sedani magurudumu yanayofanya kazi yamebebeshwa buti tupu. Saab walipotoa gari lao la kwanza, 92, mwaka 1949, lilivuta kwa mbele. Hao ni watu wa Sweden, theluji hawakuisoma vitabuni.

Mpiga_Kona
@Baridi_Kali na Volvo ni wa wapi, mkuu? 240 imetengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993, inasukuma kwa nyuma mwanzo mwisho, na Waswidi haohao walikwenda nayo kazini msimu mzima. Chukua na 911 ya Porsche: inasukuma kwa nyuma lakini injini iko nyuma pia, na kwenye kuondoka theluji haiisumbui sana. Hoja yako ya uzito ni kweli, ila hiyo ni hoja ya uzito umekaa wapi. Halafu gari likipanda mlima uzito unarudi nyuma, kwa hiyo lako la mbele linapungukiwa pale linapohitaji zaidi.

Baridi_Kali
Hata hivyo lilipanda, na sedani ikabaki chini 😀

FundiDifu
Sukani_Moja, hilo tairi moja kuzunguka na jingine kutulia ni difu ya kawaida (gia inayogawa nguvu kati ya tairi la kulia na la kushoto) inafanya kazi yake. Haiwezi kulipatia tairi lililoshika nguvu zaidi ya ile inayopokewa na lililoteleza. La kulia likikaa kwenye barafu, la kushoto nalo linapata kiduchu hichohicho. Na msidhani ni ugonjwa wa magari ya nyuma. La mbele lina difu ileile, likiteleza tairi moja linakwama vilevile.

Ila mnabishana kuhusu kuondoka tu. Kuondoka ni sehemu rahisi. Usipoweza kuondoka uko nyumbani, unarudi ndani kunywa chai. Tofauti yenyewe iko kwenye kona.

Gari la mbele likizidiwa, pua inakataa kona. Unakata usukani, gari linakwenda moja kwa moja kuelekea mtaroni kana kwamba halijakusikia. Wengi wanaongeza kukata, na hapo ndipo wanapoharibu. Achia mafuta taratibu, rudisha usukani kidogo mpaka usikie tairi zimeshika tena, ndipo ukate. La nyuma likizidiwa, mkia ndio unatoka. Achia mafuta kwa upole, usiguse breki, macho yaende unakotaka kwenda na usukani uyafuate, halafu uunyooshe mapema, kabla mkia haujarudi kwa kishindo upande wa pili. Mtu mzoefu anaisikia mapema, kwenye makalio kabla ya macho. Asiyezoea anashtukia yuko ubavu.

Mwenye gari la nyuma lenye gia za mkono asishushe gia kwa pupa kwenye mteremko wa barafu. Injini itashika magurudumu ya nyuma peke yake, sawa na kuvuta breki ya mkono. Na mwenye la mbele asijidai: ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona ya mteremko, mkia wako nao unatoka.

Mama_Pacha
Nimeendesha yote mawili. La mbele linakupa ujasiri wa uongo. Linaondoka vizuri, unajiona fundi, unafika kwenye makutano na kugundua kuwa kusimama hakuna habari na nani anavuta. Breki zinashika magurudumu yote manne kwa kila gari.

Nilishawahi kuambiwa na muuza matairi kwamba, kwa kuwa gari langu linavuta kwa mbele, ninunue matairi mawili tu ya baridi nifunge mbele. Nikaokoa hela, nikafurahi. Kona ya kwanza yenye barafu, mbele pakashika vizuri sana, nyuma pakaendelea na safari yake. Nikasimama nikitazama nilikotoka. Fungeni manne, tafadhali.

Mpiga_Kona
Gunia la mchanga kwenye buti la sedani je? Wazee walikuwa wanafanya.

FundiDifu
Linasaidia kuondoka. Liweke karibu na ekseli iwezekanavyo, si mwisho kabisa wa buti, maana huko linainua pua na usukani unakuwa mwepesi vibaya. Na lifungwe. Kilo 50 zisizofungwa ukigonga zinakuja mbele pamoja nawe. Faida nyingine ni kwamba ukikwama unautoboa mfuko na kumwaga mchanga chini ya tairi.

Kimya_Kimya
Mnazungumza kama bado tuko 1985. Ulaya kila gari jipya tangu 2014 lina mfumo wa kuzuia kuserereka, unabana breki ya gurudumu moja moja kabla hujajua kuna tatizo. Langu la umeme linasukuma kwa nyuma na linapanda vizuri kabisa, kwa sababu mota inapunguziwa nguvu upesi kuliko injini yoyote. Nililojifunza kwa kushtuka: ule uvutaji wa kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri ukiachia kanyagio unafanyika nyuma peke yake. Kwenye barafu naupunguza hadi mwisho.

FundiDifu
Kweli, lakini mfumo unagawa mshiko uliopo, hauongezi. Na ukikwama kwenye theluji nene, zima kile kitufe cha kuzuia tairi kuzunguka, maana kinakata nguvu kila unapojaribu. Ukishatoka, kiwashe.

Mama_Pacha
Kwa wenye magari ya mbele: mlima ukikataa, geuza gari, kisha panda kwa rivasi, kama barabara ni tupu. Magurudumu yanayovuta yanakuwa upande wa chini, uzito unayaegemea. Majirani watacheka, wewe utakuwa juu.

FundiDifu
Sukani_Moja umekaa kimya. Hujatuambia magari yote mawili yamevaa matairi gani. Toka na tochi ukasome ubavuni.

Sukani_Moja
Nimetoka, nimerudi, vidole havisikii. Kigari: alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, kashata (vile vinundu vya mpira) bado ndefu, alinifungia aliyeniuzia. Sedani: imeandikwa M+S tu (matope na theluji), alama ya mlima hakuna. Tarakimu za mwisho ni 3814. Kashata nimepima na rula ya mtoto, milimita 3 na kidogo.

FundiDifu
3814 maana yake lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2014, mzee. Mpira huo umeshakuwa ubao. Hiyo M+S mtengenezaji anajiandikia, haihitaji kufaulu jaribio la theluji kama huo mlima. Ujerumani tangu Oktoba 2024 haihesabiki tena kuwa tairi la baridi. Na milimita 3 kwa theluji ni kipara, watu wanashauri ibaki 4 angalau. Umelinganisha viatu, hujalinganisha magari.

Mpiga_Kona
😂😂 Baridi_Kali uko wapi?

Baridi_Kali
Nipo. Mvalisheni sedani viatu vipya, apande, kisha muwape viatu vilevile kigari tuone. Bado nasema mbele.

FundiDifu
Viatu sawa, kwenye kuondoka kigari kitashinda, sibishi. Kwa asiyependa kufikiri akiwa usukanini ningempa hicho. Sedani yenye matairi manne ya kweli itapanda kijimlima cha hatua thelathini, na itakufundisha kuendesha hata usipotaka.

Sukani_Moja
Nimeagiza manne. Karatasi ya "linauzwa" nimeitoa kwenye kioo cha sedani. Kwenye kigari sijaibandika bado, mke wangu naye anasoma uzi huu.