Mjadala: Sekunde ya ziada ikifutwa, tusiweke dakika mahali pake

Mleta mada

Wakuu, naleta hili kwa sababu nusu ya uamuzi imeshapita na nusu nyingine ndiyo yenye hatari. Novemba 2022, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliokaa Versailles, Ufaransa, ulikubali kwamba kufikia 2035 tofauti inayoruhusiwa kati ya saa zetu na mzunguko wa Dunia iongezwe. Sasa hivi kikomo ni sekunde 0.9, tukikikaribia, inachomekwa sekunde moja mwisho wa Juni au wa Desemba, ndiyo sekunde ya ziada. Kikomo kipya hakikutajwa, ilisemwa tu kitoshe angalau karne moja. Pendekezo linalosikika sana ni dakika nzima. Napinga dakika.

Kwa ambaye jambo hili ni geni: tangu 1967 sekunde haitokani tena na jua. Ni mitetemo 9,192,631,770 ya miali ya atomu ya sesiamu 133. Saa zinazohesabu mitetemo hiyo, yaani saa za atomiki, hazichoki, Dunia ndiyo inayochoka. Mwezi unavuta bahari, maji yanayopwa na kujaa yanasugua sakafu yake, na mzunguko unapungua kasi. Siku inarefuka kwa takriban milisekunde 2, yaani sehemu mbili za elfu za sekunde, kila karne. Utasema si kitu. Lakini tarehe 15 Aprili mwaka 136 KK watu wa Babeli waliandika kwenye vidonge vya udongo kwamba jua limepatwa lote. Rudisha hesabu nyuma ukidhani Dunia haijawahi kubadili kasi, na kivuli cha mwezi kitaangukia maelfu ya kilomita magharibi ya Babeli. Vijisehemu vya sekunde vimejikusanya hadi vikazidi saa 3.

Tulianza kurekebisha mwaka 1972, tukiwa tayari nyuma ya saa za atomiki kwa sekunde 10. Tangu hapo zimeongezwa 27, ya mwisho tarehe 31 Desemba 2016. Jumla 37.

Usiku ule nilikuwa zamu kwenye seva. Saa sahihi inapaswa kusoma 23:59:60, lakini kompyuta nyingi hazina sekunde ya sitini, kwa hiyo zinarudia ile ya 59. Asubuhi nikafungua rekodi nikakuta ombi limeingia kwenye 1483228799.7 (kompyuta huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970) na jibu lake limetoka kwenye 1483228799.2. Jibu limetangulia swali kwa nusu sekunde! Programu iliyokuwa inapima muda wa huduma ikapata namba hasi, ikasimama. Tulihangaika nayo mpaka mchana, na kosa halikuwa la mtu yeyote.

Sasa fikirieni. Tumefanya zoezi hili mara 27 ndani ya miaka 45 na bado mitambo inaanguka. Dakika moja itakayokuja baada ya miaka mia itawakuta watu ambao hawajawahi kuiona, juu ya programu zilizoandikwa na watu waliokwisha kufa. Huko ni kuwarithisha wajukuu deni ambalo sisi wenyewe limetushinda. Tufute kabisa, tofauti ijikusanye yenyewe. Ikifika saa nzima, baada ya karne nyingi, kila nchi itasogeza ukanda wake wa saa, kazi ambayo serikali zinaijua tangu zamani.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, ya seva nimekuelewa, lakini umeruka historia. Kalenda ya Juliasi, ile ya kale ya Warumi, nayo ilikuwa na kosa dogo, kama dakika 11 kwa mwaka. Wakasema litajikusanya tu. Mwaka 1582 ikabidi zifutwe siku 10. Uingereza ikagoma hadi 1752, ikafuta 11. Kwa karibu miaka 170 nchi jirani zilikuwa na tarehe tofauti kwa siku ile ile. Hayo ndiyo matunda ya "ijikusanye yenyewe". Dawa iliyofanya kazi ni marekebisho madogo ya mara kwa mara: tarehe 29 Februari. Mbona hiyo hupendekezi ifutwe?

Na jambo jingine. Pale ikweta Dunia inazunguka mita 465 kwa sekunde. Anayeelekeza darubini au kupima nafasi kwa nyota hawezi kupuuza sekunde moja, sembuse sitini. Saa ilizaliwa kulifuata jua, na ikiliacha tuitafutie jina jipya.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza moja tu. Satelaiti za GPS hazijawahi kufuata sekunde za ziada. Leo saa yao iko mbele ya UTC, saa rasmi ya dunia inayoongezwa sekunde hizo, kwa sekunde 18 na meli na ndege zinafika. GLONASS, mfumo wa Urusi unaofanana na GPS, inazifuata, ndiyo maana Urusi ilitaka muda mrefu zaidi wa kujiandaa.

Mleta mada

Mchangiaji wa pili, hoja ya kalenda ni nzito na imenifanya nifikiri upya. Lakini 29 Februari ina kanuni. Hata mwaka 2400 naweza kukuambia leo kwamba itakuwepo, na mwaka 2100 haitakuwepo. Programu inaandikwa mara moja, basi. Sekunde ya ziada haina kanuni: wapimaji walioko Paris wanatutangazia takriban miezi sita kabla, kwa sababu Dunia yenyewe haitabiriki. Ungenipa kanuni, ningeitetea pamoja nawe.

Na tazama inavyotuchezea. Tangu 2020 imeongeza kasi. Tarehe 29 Juni 2022 siku ilikuwa fupi kwa milisekunde 1.59 kuliko saa 24. Utafiti wa mwanajiofizikia Duncan Agnew wa mwaka 2024 ulikadiria kwamba huenda ikabidi tuondoe sekunde karibu na 2029, na kwamba ingehitajika mapema zaidi kama barafu ya ncha za Dunia isingeyeyuka na kuipunguzia kasi. Kuondoa hakujawahi kufanyika hata mara moja.

Kuhusu darubini, wanaastronomia tayari wanachukua kipimo cha mzunguko kinachotolewa kila siku, kwa usahihi mkubwa kuliko sekunde. Hicho kibaki, na kigharimiwe vizuri.

Kuhusu jina nakubaliana nawe. Tukiiacha sekunde ya ziada, UTC itangazwe waziwazi kuwa saa ya atomiki, na sheria za nchi zinazotaja muda wa jua ziandikwe upya kabla ya 2035. Kuna mwenye ufahamu wa sheria humu? Nchi ikiendelea kutaja wastani wa jua wakati saa zake zote zinafuata sesiamu, mkataba unaokwisha saa sita kamili usiku mahakama itausoma kwa saa ipi?